Panga la Marehemu Baba Lapunguzwa Uzito Moi's Bridge

Watu wa pwani tukipanda bara huchukua halua, tende, na pengine chupa ya mafuta ya nazi kwa ajili ya jamaa zetu waliotawanyika huko. Mimi Novemba iliyopita nilipanda na kipande cha chuma kilichoviringwa ndani ya kikoi kikuukuu, kizito hata ukanda wa mkoba ukaniachia alama begani. Kilikuwa ni panga lisilo na mpini. Lilikuwa la marehemu baba yangu, Mungu amrehemu, na nilikuwa nalipeleka Moi's Bridge kwa ndugu yangu mdogo, ambaye hakulitaka.

Msomaji ambaye hajafika huko na aelewe kuwa Moi's Bridge ni mji mdogo ulio kwenye njia kuu itokayo Eldoret kwenda Kitale, karibu na mto Nzoia. Zamani ukiitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi wa Kizungu, mwindaji, aliyeweka daraja juu ya mto huo. Katika miaka ya 1920 reli ilipita sehemu zile ikielekea Kitale, na nchi yote ile imekuwa ni nchi ya mahindi. Maghala ya nafaka huonekana kutoka mbali, kama sisi tunavyouona mnara wa msikiti kabla ya kuuona mji wenyewe. Asubuhi kuna baridi ambayo mtu wa Takaungu akirudi nyumbani akaieleza, ataambiwa ametia chumvi. Niliswali alfajiri na meno yakigongana, na wudhuu wenyewe nisiuseme.

Ndugu yangu ananunua na kuuza mahindi. Ana ghala la mabati, mizani mbili na daftari, na ameoa huko huko. Ameishi bara miaka mingi hata Kiswahili chake kimeanza kupinda, lakini chai yake bado ni ya iliki na tangawizi, alhamdulillahi. Aliponiona nafungua kile kikoi alisimama, akaenda mlangoni, akawa anatazama magari yapitayo.

Sina budi kueleza sababu.

Baba alikuwa na shamba la minazi Takaungu, nasi tulikua ndani ya shamba hilo. Mapanga ya dukani hayakumpendeza. Yale ya chapa ya mamba, yaliyokuwa yakifanywa Birmingham huko Uingereza na kampuni ya Ralph Martindale iliyoanza mwaka 1873, watu wengi waliyasifu, lakini baba akiyaita makaratasi. Bapa la panga la kiwandani aghalabu lina unene wa milimita 2 au 3 tu, na ukilikunja kidogo linapinda na kurudi. Baba aliona kupinda ni udhaifu. Akamwendea mhunzi mmoja, ambaye sasa ni marehemu na simtaji jina, akampa springi ya lori akamwambia: "Nifanyie panga lisilokufa."

Mhunzi akafanya kama alivyoombwa. Panga lilitoka na unene wa milimita 6 tangu kwenye mpini mpaka kwenye ncha, kama ubao. Majirani walikuwa wakija kulinyanyua kwa mkono mmoja, wakacheka, wakalirudisha. Sisi watoto tuliamini kuwa hapana panga jingine kama lile baina ya Mombasa na Malindi.

Mwaka 1988 mnazi mmoja mkongwe ulianguka kwa upepo, na baba akatuita tuukatekate. Ndugu yangu alikuwa na miaka kumi na minane na ndiye mwenye nguvu kunishinda, kwa hiyo panga akapewa yeye. Baba alikuwa amesimama upande, akielekeza kwa kidole pa kupiga. Pigo la tatu au la nne, sikumbuki vyema, panga liliruka likatoka kwenye mpini. Mpini ukabaki mkononi mwa kijana, nalo bapa likaenda likampiga baba muundini, kwenye mfupa.

Baba alipona, lakini tangu siku ile alitembea na bakora mpaka alipofariki mwaka juzi. Watu wakasema kijana amepiga jiwe. Wakasema gogo lilikuwa juu ya mawe ya matumbawe naye hakutazama. Wakasema panga la springi halivunjiki ila kwa mkono wa mzembe. Msomaji, mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema hayo, na kwa kuwa nilikuwepo, neno langu lilichukuliwa kuwa ushahidi. Baba mwenyewe hakusema kitu. Alilipaka panga mafuta, akalifunga, akaliweka chini kabisa ya sanduku lake. Mwaka uliofuata ndugu yangu akapanda bara.

Tulipokuwa tukigawa mirathi, panga likatoka sandukuni. Halikuwa na thamani ya kuingia katika fungu la mtu. Dada yetu mkubwa, ambaye maneno yake ni machache, akaniambia: "Lichukue umpelekee nduguyo. Hilo ni lake kuliko letu." Sikujua kama alikusudia wema au kijembe. Nikalichukua.

Nyuma ya soko la Moi's Bridge pana kibanda cha mhunzi, mzee wa Kisamia. Wasamia, walio upande wa mpaka wa Uganda, walijulikana kwa uhunzi tangu kabla ya wakoloni, na majembe yao yalikuwa yakisafiri mbali. Mzee huyu ana fuawe ambayo ni kipande cha reli kilichosimikwa katika gogo, na mahali pa mivukuto ya ngozi ana feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli. Kwa kofia yangu akaniita Ustadhi, na mimi nikamwita Mzee ingawa yamkini hatupishani sana umri. Nilikwenda nikiwa na nia ndogo tu: alitie panga msuka mpya na mpini, nilirudishe Takaungu likafanye kazi. Ndugu yangu alinisindikiza kwa adabu tu, akasimama nje ya kibanda.

Mzee alilipima panga mkononi, akaliinua na kulishusha mara mbili. Akalitazama pale lilipovunjika, akachukua brashi ya waya akapasugua kwa mafuta ya taa, akasogea kwenye mwanga.

"Hii panga nani aliivunja?" akauliza. (Sisi wa pwani twasema panga hili, lakini ndani ya kibanda mwenye nyundo ndiye mwenye sarufi.)

Nikanyamaza. Ndugu yangu akajibu kutoka nje: "Mimi."

Mzee akamtazama, akatikisa kichwa. "Hapana. Wewe uliikuta imevunjika."

Akatuita sote tuangalie. Na mimi nitajaribu kuueleza msomaji kile alichotuonyesha, maana ndicho kiini cha safari yangu. Uso wa chuma pale kilipokatika haukuwa wa namna moja. Sehemu iliyo pembeni, kiasi cha theluthi, ilikuwa nyeusi na yenye gamba lililogandamana kama la chuma kilichopita motoni. Iliyofuata ilikuwa laini, kana kwamba imesuguliwa. Iliyobaki ilikuwa na chembechembe kubwa kama chumvi ya mawe. Mzee akasema zile chembechembe ndiyo siku ya kuvunjika. Ule ulaini ni ufa uliokuwa ukitembea kidogo kidogo, pigo kwa pigo, pande zake mbili zikisuguana. Na ule weusi ni ufa wa asili, uliozaliwa siku panga lilipotoka motoni likatumbukizwa majini.

Chuma cha springi kina kaboni ya kutosha kukifanya kigumu sana kikipozwa ghafla. Ndiyo sababu mafundi wengi hukipoza kwa mafuta, ambayo huchukua moto polepole kuliko maji. Ukikipoza kwa maji, na kikiwa na pembe kali mahali popote, hapo kwenye pembe ndipo kinapopasuka. Panga la baba lilikuwa pana vidole vitatu, kisha ghafla likawa msuka mwembamba kama penseli, na pale mapana yalipokutana na membamba palikuwa na pembe ya mraba. Ufa ulianzia papo hapo. Mhunzi hakuuona, au aliuona akaufunika na mpini. Siwezi kujua, na aliyekwisha kufa hujibu kwa Mola wake.

"Na tena angalia," Mzee akasema, akiliweka bapa juu ya kidole chake mpaka likasimama sawasawa. "Kichwa ya ng'ombe, shingo ya kuku."

Hapo ndipo uzito ulipoingia katika kesi. Panga jepesi lingekaa juu ya msuka ule mbovu miaka mingi zaidi, pengine lisivunjike abadani. Lakini kila pigo linapogota kwenye gogo, uzito wote wa bapa hutaka kuendelea na safari, na kinachouzuia ni msuka peke yake. Bapa likizidi uzito, msuka huteseka zaidi. Kile kilichofanya majirani wakaja kulinyanyua panga la baba kwa mshangao ndicho kilichokuwa kikilikata shingo kwa ndani, mwaka baada ya mwaka.

Ndugu yangu akasema: "Mzee, rudia."

Mzee akarudia yote kuanzia mwanzo, kwa kidole, kama mwalimu wa chuo anavyomrudishia mwanafunzi aya. Alipomaliza, ndugu yangu akasema kuna lori limekuja kupakia, akaenda zake. Mimi nilibaki. Niliketi juu ya debe, na kwa muda sikuwa na la kumwuliza yule mzee.

Sasa niseme kidogo juu ya baba, maana sitaki msomaji amwone mjinga. Fikra yake haikuwa tupu. Hesabu ya wahandisi inasema kuwa bamba la chuma ukilizidisha unene mara mbili, uzito nao huzidi mara mbili, lakini uwezo wa kuhimili mkunjo kabla ya kuharibika huzidi mara nne, na ukaidi wa kutokupinda huzidi mara nane. Kwa hiyo mtu anayetaka nguvu akaongeza unene hajakosea njia. Kosa ni kuongeza kila mahali. Panga linapopigwa, mkunjo mkubwa hauko kwenye ncha, uko karibu na mkono. Chuma kinene kwenye ncha hakilindi kitu. Ni mzigo tu, tena mzigo ulio mbali na kiwiko, ambao ndio mzito kuliko yote. Panga lililofanywa kwa akili huanza nene kwenye mpini, likaenda likipungua mgongo mpaka ncha, na pia kutoka mgongoni mpaka kwenye makali, ili liingie ndani ya mti badala ya kuugota na kukwama kama kabari.

Na kuna jambo la kasi. Nishati ya pigo hutokana na uzito na mwendo, lakini si kwa usawa. Uzito ukiwa mara mbili, nishati ni mara mbili. Mwendo ukiwa mara mbili, nishati ni mara nne. Mkono unaolemewa haukimbii. Mzee yule hakwenda chuo cha ufundi chochote, lakini alipokuwa akinieleza alirusha mkono mara mbili hewani, mara ya kwanza na nyundo kubwa, mara ya pili na ndogo, nami nikasikia kwa masikio yangu tofauti ya upepo.

Nilipokuwa nimeketi pale nilikumbuka chuoni. Katika Sura ya Saba', ambayo ni ya 34, mna habari za Nabii Daud, aliyelainishiwa chuma akaamrishwa kufanya mavazi ya vita na kupima vyema katika kuunganisha pete zake. Mwalimu wetu, akifuata wafasiri wa kale, alitueleza maana ya kupima huko: msumari wa kuunga pete usiwe mwembamba ukacheza ndani ya tundu, wala usiwe mnene ukaipasua pete. Nilikuwa na miaka tisa nikadhani ni mambo ya majeshi ya zamani. Kumbe ni amri ya kipimo, na fundi wa panga naye imo ndani ya kibanda chake, ajue asijue.

Pwani yetu nayo haikuwa ngeni kwa chuma. Al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake cha jiografia mwaka 1154, ametaja chuma kuwa biashara ya Malindi, na akataja chuma cha Sofala kuwa watu wa Hindi walikinunua kwa bei nzuri wakakifulia silaha. Lugha yenyewe inashuhudia: tunalo neno pua kwa chuma kigumu, na feleji kwa upanga wa pua bora, tunao upanga wa vita na panga la shamba, na hili la pili limekwenda mpaka likaingia katika kamusi za Kiingereza. Kila kazi ilikuwa na chuma chake. Mgema hupanda mnazi na kotama, kisu kipana chepesi, kwani mtu aliye juu ya mti hana haja ya uzito wa kumvuta chini. Mchinjaji naye hataki uzito hata kidogo, kwa kuwa kisu chake hakikati kwa kuangushwa, hukata kwa kuvutwa. Anachotakiwa ni makali, na Mtume, rehema na amani zimshukie, ameagiza kisu kinolewe ili mnyama asiteswe. Panga peke yake ndilo linaloomba uzito na kuukataa kwa wakati mmoja.

Nikamwambia Mzee alifue upya.

Nakiri kuwa alipolitia motoni moyo uliniuma. Lilipokuwa jekundu kama chungwa lililoiva aliliweka juu ya reli akaanza kulipiga ncha, na kwa kila pigo nilihisi anapunguza mali ya marehemu. Nikamwuliza kama hawezi kuliacha bapa lilivyo akarekebisha msuka tu. Akasimamisha nyundo. "Nikufanyie shingo ya ng'ombe kwa hiyo kichwa," akasema, "utapata panga ya kilo moja na nusu. Utakata nayo nini? Reli?" Kijana wake anayezungusha baiskeli akacheka, na mimi nikanyamaza.

Chuma kikipigwa hakipotei, huenda mahali pengine. Ncha ilipopungua unene ililika kwa urefu, mpaka panga likawa refu kupita kiasi, naye akakata kipande cha mwisho kwa patasi akakitupa kando. Kisha akageukia upande wa pili. Kutoka katika bapa lenyewe akatoa msuka mpana, upana wa mpini mzima, na zile pembe mbili za shingoni akaziviringa kama bega la mtu. Akaniambia nitie kidole nipapase. Hapakuwa na kona.

Kabla ya kulipoza alilisogezea sumaku iliyotolewa katika spika ya redio mbovu. Chuma kikifika kiasi cha nyuzi 770 za Selsiasi, sumaku huacha kukivuta, na hiyo ndiyo dalili yake kuwa moto umekaribia kutosha. Alilirudisha motoni kidogo tena, kisha akalitumbukiza katika mafuta machafu ya injini, moshi ukatufukuza sote. Lilipopoa lilikuwa gumu kama kioo na lenye kuvunjika kama kioo vilevile. Akalisugua sehemu likang'aa, akalipasha polepole juu ya bamba la moto, akitazama rangi zinavyopita juu ya chuma: manjano ya majani makavu, hudhurungi, zambarau, kisha buluu. Mgongo aliuacha ufike buluu, ambayo ni kiasi cha nyuzi 300, ili uwe na utiifu wa springi. Makali akayazuia yasipite zambarau ili yabaki na ugumu. Akakandamiza ncha juu ya ubao mpaka panga likapinda kama upinde. Alipoachia likarudi sawasawa. Baba angeona ni aibu.

Mbavu mbili za mti, ribiti tatu, tupa, kinoo. Kazi yote ilichukua siku mbili.

Jioni ya siku ya pili nilikwenda nalo ghalani. Ndugu yangu alikuwa amekaa na daftari lake. Aliuliza tu: "Kilo ngapi?" Mfanyabiashara wa nafaka hana salamu nyingine. Tulikuwa tumelipima lilipofika, bila mpini, kwenye mizani ndogo ya dukani: kilo moja na gramu 140. Sasa, pamoja na mpini wake, mizani ilisoma gramu 760. Kile kipande kilichokatwa nchani kilikuwa gramu 260. Kilichobaki kilikwenda na magamba ya moto na unga wa tupa.

Akaanza kupiga hesabu kwa kalamu, na hesabu hii ni yake, mimi naileta tu. Mahindi yakipandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, ekari moja hubeba mabua kama 18,000. Wakati wa mavuno huko watu hukata mabua kwa panga, wakayasimamisha pamoja kama vibanda vidogo yakaukie, ndipo yamenywe. Tuseme bua moja ni pigo moja. Panga likizidi gramu 100 tu kuliko inavyohitajika, mkono wa mkataji utakuwa umenyanyua kilo 1,800 za bure kabla ya kumaliza ekari, yaani gunia 20 za kilo 90. Panga la baba na mpini wake lilizidi hili jipya kwa nusu kilo hivi. Akaandika: kilo 9,000. Akagawa kwa 90.

"Gunia mia," akasema. "Lori zima. Kwa mkono mmoja."

Vijana wa kukata mabua hulipwa kwa ekari. Nilipita mashambani asubuhi yake nikawaona wamefunga vifundo vya mikono kwa vitambaa, na wengine wamenoa mapanga ya kiwandani mpaka yakawa membamba kama kisu cha samaki. Hao ndio waliokuwa mbele katika mstari. Lakini Mzee aliniambia kuwa wanunuzi wake wengi hawataki kusikia. Mtu huingia kibandani, hunyanyua mapanga yote, huchukua lile lililomlemea zaidi, kwani pesa ametoa na anataka kuondoka na chuma chake. Kwa hiyo ana mafungu mawili ukutani. Yale mapanga ayapendayo mwenyewe yametundikwa nyuma. Yale mazito yako mbele. Nilimwuliza kama haoni vibaya. Mtoto akililia wembe, mpe, ndivyo alivyonijibu kwa maana, ingawa kwa maneno ya kwao, na akaongeza kuwa shingo za hayo mazito huzitia chuma mara mbili, maana anajua yatakakokwenda.

Usiku ule, baada ya chakula, nilimwambia ndugu yangu maneno ambayo nilipaswa kuyasema kwa baba angali hai, kwamba sikuliona jiwe lolote siku ile. Nilisikia watu wakisema jiwe, nami nikasema jiwe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama baba alijua.

Nikamwambia panga lilikuwa limepakwa mafuta hata pale lilipovunjika, kwa uangalifu, na alikuwa akilifungua kila mwaka kulipaka upya, dada alimwona. Mtu aliyekuwa akilitazama hivyo miaka thelathini na zaidi huenda aliuona ule weusi. Au huenda hakujua kuusoma. Ndugu yangu alikaa kimya, kisha akaniuliza kama nataka chai nyingine.

Panga alikataa kubaki nalo. Alisema minazi iko Takaungu, na dada atapata wa kulitumia. Alichukua kile kipande cha gramu 260, na asubuhi, kabla basi langu halijaondoka, alinipitisha kibandani kwa Mzee nikamsikia akiagiza kisu cha jikoni, chembamba, cha kukatia vitunguu, na akasisitiza kuwa apoze kwa mafuta.

Kituoni Eldoret utingo wa basi la Mombasa aliniambia panga haliruhusiwi ndani, lazima liende chini kwenye buti na mizigo. Nikampa. Alilipokea likiwa bado limeviringwa katika kikoi cha baba, akalipima mkononi juu chini, juu chini, akanitazama kwa huruma.

"Ustadhi," akasema, "hii panga mbona nyepesi hivi? Hao mafundi wa huko wamekupunja."

Akalitupa juu ya magunia akafunga mlango.